Bakuli la Mama Tekla Larudi Chole

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo lilelile: "Kalisti, picha ziko wapi?" Wengine wanauliza kwa upole, wengine kama watu waliotapeliwa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja njiani nikiwa na ndoo ya maji mkononi, kwa hiyo nimekaa nikaandika. Shule niliiacha darasa la sita, msinitafutie sarufi. Lakini mambo yalivyokuwa nayajua, na nitayasema kwa mpango yaliyokuja nao.

Ifakara

Mnajua sisi tulivyo. Jumuiya yetu ikienda kumwona mhitaji, huenda yote. Ngoma mbele, akina mama na sukari na sabuni na unga vichwani, vigelegele kuanzia kona ya kwanza hadi mlangoni, kisha katibu anasoma orodha ya vitu mbele ya mwenyewe na majirani zake wote. Mimi ndiye mpiga picha. Nimeipenda kazi hiyo tangu nilipofika mji huu, na mji huu nimekaa miaka miwili, muda ambao sijakaa mahali pengine popote tangu nipate ndevu. Kilichonishika ni vitu viwili: projekta ya parokia, ambayo naiendesha mimi, na kabati la vitabu la parokia. Maisha ya watakatifu yaliyomo mle nimeyasoma yote, mengine mara tatu.

Jumapili ile ya mwisho wa mwezi tulitazama ile filamu ya lango. Walioikosa niwakumbushe. Tajiri mmoja kila asubuhi anafungua lango lake na kugawa mikate, na maskini wanapanga foleni. Kuna mzee mmoja fundi viatu, mwenye njaa kuliko wote, ambaye hapangi. Anapita upande wa pili wa barabara, kofia kaishusha usoni, siku baada ya siku, hadi anaanguka. Tajiri anakimbia, anampakata na kulia, na filamu inaishia kwenye uso wa tajiri wenye machozi. Tulijadili kama kawaida yetu, tukakubaliana kwamba mzee aliuawa na kiburi. Katibu akatukumbusha kuwa kiburi ndicho cha kwanza katika vile vilema saba, mizizi ya dhambi zote. Tukasali, tukaenda kula.

Mama Tekla alikuwa kiti cha nyuma, miguu yake iliyovimba juu ya kigoda. Jioni aliniita kwake.

"Kalisti, wewe ni mtu wa kutangatanga."

"Ndiyo, mama."

"Mafia umefika?"

"Bado."

"Nina mtoto kule."

Watoto wake nawajua wote wanne, nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Huyu humjui. Yuko chini."

Ndipo akanisimulia jambo ambalo, naamini, hakuwahi kumsimulia yeyote kati yenu. Alipokuwa msichana aliyeolewa mwaka wa kwanza, mumewe alikuwa fundi wa mashine za boti, wakapanga nyumba kisiwa cha Chole, karibu na Mafia yenyewe. Wakazaa mtoto wa kiume, Bonifasi. Akaishi miezi minne, homa ikamchukua, na baba yake siku hiyo alikuwa safarini. Mwanamke jirani, Bi Zuhura, ndiye aliyemwosha mtoto na kutoa mahali pa kumzika katika shamba lake, kisha akamchukua Tekla nyumbani kwake, akamlisha siku arobaini. Mume aliporudi akahamishwa kazi ghafla. Asubuhi ya kuondoka boti ilikuwa inangoja, na Tekla hakwenda kuaga kaburini. Hakurudi tena.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Kama yupo mtu anayejua mwanangu alipolala. Kama pameota pori, uje uniambie pameota pori. Usinidanganye."

Kisha akatoa chini ya kitanda bakuli la bati, kubwa, jeupe, rangi imebanduka, ukingo wa buluu umeliwa na kutu. "Kabla ya kitu kingine chochote, mpe Bi Zuhura hili. Ulitie pepeta."

Nikasema ndiyo mama, na moyoni nikasema hapana. Bakuli lile lilikuwa baya. Ningempaje mtu aliyemsitiri mwenzake siku arobaini chombo ambacho hata kuku angekitilia shaka? Nanyi mliposikia safari mkanipa nguvu: vitenge, sukari, sabuni, boksi zima, na karatasi kubwa juu yenye jina la jumuiya. Mkaniambia nipige video ya makabidhiano, tuitazame Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikatia projekta ndogo ya betri begani, nikapakia mchele na pepeta, ule mpunga mchanga wa kwetu uliokaangwa na kutwangwa. Bakuli nikaliweka chini kabisa.

Mpaka Nyamisati

Basi hadi Dar es Salaam sina la kusema, kila mtu amelipanda. Nililala Mbagala, asubuhi nikashika njia ya kusini, Kibiti, kisha nikakata kushoto kwenda Nyamisati, mahali barabara inapokwisha na mikoko inapoanza.

Boti tuliambiwa ni saa nne. Saa nne maji yalikuwa yamekwenda zake, boti imekaa kwenye tope kama ng'ombe. Nikamuuliza kijana wa gati tunaondoka lini. "Maji yakija." Yanakuja lini? Akaniangalia kwa huruma. "Wewe umetoka bara."

Tukangoja hadi saa tisa. Sikujuta, maana palikuwa na mama mmoja mwenye sufuria ya supu ya pweza, na ile harufu ya ndimu na pilipili ilinitoa kwenye kivuli mwenyewe. Sahani zake zote zilikuwa mikononi mwa watu.

"Una chombo?" akaniuliza.

Nikafungua begi, nikachimbua bakuli la Mama Tekla.

Mama akalipokea, akaligeuza, akalitazama chini, akacheka. "Hili limeona mengi kuliko wewe."

"Ni la kuazima."

"Naona. Basi lirudishe." Akanijazia supu, akaongeza mkia wa pweza juu. Nikanywa yote. Nimelikumbuka neno lake mara nyingi tangu siku hiyo, lakini wakati ule nilikuwa na njaa tu. Kuanzia hapo bakuli likawa langu la safari. Nilikula ndani yake mihogo, nikalinawia uso, na nikalikalia mara moja benchi lilipokuwa limelowa.

Ndani ya boti

Nilikaa na boksi langu mapajani, karatasi ya jumuiya ikitazama watu. Bwana mmoja mwenye kofia iliyodariziwa vizuri akaisoma polepole.

"Shirika gani hili?"

"Si shirika. Ni jumuiya, kanisani. Napeleka msaada Chole."

"Chole kuna nini?"

"Kuna mama mmoja mhitaji."

"Aa." Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu analeta msaada!"

Kabla hatujatoka katikati ya mikoko nilikuwa nimeshapokea maombi ya watu saba. Mmoja alitaka mabati, mmoja injini ya boti, na mwanamke mmoja mzee alitaka mkwe mwingine, huyu aliye naye hafai. Boti nzima ilicheka, nami nikacheka, na niwaambieni ukweli, nilijiona mtu. Katika vitabu vile vya kabatini mtakatifu akiingia mjini, watu humzunguka hivihivi. Ilinipitia kichwani kwamba pengine safari hii nitaandikwa mimi.

Bahari kuu ikanishusha cheo. Nilitapika supu yote ya pweza. Yule mwanamke wa mkwe akanipa kipande cha tangawizi, akanishikia boksi.

Utende

Kilindoni tulishuka jua limepoa, nikapanda pikipiki hadi Utende, ng'ambo ya kisiwa, mahali vinapopatikana vyombo vya kuvukia Chole. Nilikuwa nimeelekezwa kwa Bwana Seif, mwenye duka na chumba cha wageni. Ni mtu wa makamo, mweupe kidogo, babu wa babu yake alitoka Omani, na minazi yake haina idadi. Alinipokea kama tumekulia kitanda kimoja.

"Assalamu alaikum, karibu. Kabila gani?"

"Mpogoro."

"Lahaula! Mtani wangu kabisa, na tayari umeingia ndani. Basi ficheni kuku."

Tulikula wali na samaki wa kupaka, nazi nzito mpaka kidole kinanata. Nikamweleza kazi iliyonileta, na boksi nikamwonyesha. Bwana Seif akalitazama boksi, akaitazama karatasi, akatafuna muda mrefu.

"Bi Zuhura wa Chole namjua," akasema. "Huyo unampelekea sabuni?"

"Na sukari."

"Haya." Akaniongezea wali. Hilo "haya" lilikuwa na ngazi nyingi ndani yake, nami sikupanda hata moja.

Chole, mara ya kwanza

Kuvuka ni dakika chache tu. Popo wakubwa wa Chole walikuwa wamelala wananing'inia mchana wao, na pwani palikuwa na watu kama thelathini, mafundi wa vyombo, wachuuzi wa samaki, wanawake waliotoka kuanika mwani. Nikafanya kama tufanyavyo nyumbani. Nikasimama jiweni, nikainua boksi, nikatoa sauti niliyopewa na Mungu kwa ajili ya matangazo.

"Ndugu zangu, habari za asubuhi! Namtafuta Bi Zuhura. Nimemletea msaada kutoka kanisani kwetu Ifakara!"

Mtu mmoja akanionyesha njia kwa kidevu.

Nikatembea, simu mkononi, kamera imewashwa, ili mwone tangu mwanzo. Nyumba ilikuwa ndogo, imepakwa chokaa vizuri, baraza limefagiliwa. Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Nilipobisha hodi ulifungwa. Habari ilikuwa imefika kabla yangu, kwa njia ya nyuma.

Akatoka ubavuni mwa nyumba mwanamke wa miaka yangu, kanga imekazwa kiunoni, mikono ina chumvi ya mwani. Mwanaidi, binti wa Bi Zuhura.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hapana, dada, ni heri. Nimeleta msaada."

"Msaada wa nini? Hapa hatukupata mafuriko. Hatukuunguliwa. Njaa tumeisikia redioni."

"Ni wa mama."

"Mama hayupo."

Ndani mtu akakohoa. Sote wawili tukasikia.

"Dada, ningepata kumwona hata kidogo..."

"Na hiyo inatazama nini?" Akaionyesha simu. "Inataka kumwona mama akipokea sabuni? Kule kwenu mnakaa mnatazama watu wakipokea sabuni?"

Niwaambieni nini? Ndiyo, kule kwetu tunakaa tunatazama. Nikafungua kinywa nimtaje Mama Tekla, lakini yeye alikwisha nigeuzia mgongo, na watoto wa jirani na mama zao walikuwa wameshajaa ukutani. Nikaondoka na boksi langu.

Nilikuwa na hasira. Mwendo mfupi kutoka pale, kando ya shamba, nikasimama chini ya mnazi mmoja uliojitenga na mingine, koo limekauka. Mvuvi aliyekuwa akipita akaniona, akapanda bila kuombwa, akaangusha dafu, akalikata, akanipa.

"Kiasi gani?" nikamuuliza.

"Huu hauuzwi," akasema, akaenda zake.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimefukuzwa vijiweni kwa kuuliza. Lakini mchana ule nilikuwa nimejaa nafsi yangu mpaka pua, nikanywa dafu lile, nikatupa kifuu, na sikuuliza kwa nini mnazi mmoja kati ya mia hauuzwi.

Banda la mbata

Kwa siku mbili nilituma salamu, zikarudi kama zilivyokwenda. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Mama Tekla: sikumwona mtu, sikuona kaburi. Maneno hayo yalikuwa ya kweli na hayakuwa na faida yoyote kwake.

Bwana Seif, labda kwa kunihurumia, akasema, "Hiyo mashine yako ya sinema inakula tu chumba changu. Ionyeshe." Ana banda la kukaushia mbata, refu, halina madirisha, giza mchana kama usiku. Baada ya sala ya alasiri tukatundika shuka jeupe kati ya mafurushi. Harufu ya nazi kavu ilikuwa nzito kiasi cha kupakwa kwenye mkate. Watu wakaja, na wa Chole wakavuka, wanaume mbele, wanawake upande wa mlango. Projekta ilitaka kuinuliwa kidogo, nikalipindua lile bakuli juu ya pipa, matako juu, nikaiweka hapo.

Filamu niliyokuwa nayo ni ile ya lango. Maneno yake ni ya kigeni, nikasimama pembeni nikitafsiri kwa kubahatisha, kama nifanyavyo siku zote. Ilipokwisha nikafungua mjadala. Nikauliza swali ambalo Padri wetu huuliza kila mara: "Kosa la huyu mzee ni nini?"

Wakatazamana.

"Mzee gani?" akauliza mmoja.

"Fundi viatu. Aliyekataa mkate."

"Huyo hana kosa. Kosa ni la mwenye lango."

Nikadhani sikutafsiri vizuri. Nikaeleza upya: tajiri ni mwema, anagawa kila siku, bure.

"Anagawa juani," akasema mwingine. "Barabarani. Watu wazima, mbele ya watoto wao."

"Na mzee ni fundi viatu," akasema Bwana Seif. "Yule tajiri pale mlangoni ana viatu. Mmeviona? Jozi nne, kimoja kimeachama kama samaki. Ampelekee ashone! Mzee ale mkate wake kwa mkono wake, na hakuna aliyejua kitu."

Banda zima likaguna kwa kukubali. Mimi filamu ile nimeionyesha mara kumi na moja na viatu vile sijawahi kuviona. Nikarudisha nyuma. Vilikuwepo. Jozi nne, na kimoja kimeachama.

Sauti ikatoka upande wa wanawake. Nikaijua kabla sijaona uso. "Angetuma kwa mlango wa nyuma lango lingemsaidia nini? Yeye alitaka foleni. Bila foleni atajionaje?" Mwanaidi akasimama. "Na mnaona picha inaishia wapi? Usoni kwake. Mwenzake amekufa, sisi tunaonyeshwa machozi yake yeye. Ndiye huyuhuyu mgeni wetu na simu yake."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Niliona uso wangu ukiwaka gizani. Nikawakumbuka wale watakatifu wa kabatini, kila picha mtoaji yuko katikati na mwanga kichwani, na anayepewa ni mkono tu, unatoka pembeni, hauna hata jina. Nimevisoma vitabu vile, vingine mara tatu, na sikuwahi kuuliza mkono ule ni wa nani.

Watu wakatoka. Mwanaidi akaja hadi kwenye pipa, nikajua anakuja kumalizia. Badala yake akainama. Alikuwa akitazama chini ya projekta, kwenye tako la bakuli. Kulikuwa na alama tatu za msumari, zimepangwa kama mafiga.

"Hili umelitoa wapi?"

"Nimepewa na Mama Tekla. Mtu aliyenituma."

"Hii ni alama ya mama." Akainyanyua mwenyewe projekta yangu, akaniwekea mikononi, akalishika bakuli. Wanawake wa kule hutia vyombo vyao alama, vikienda kwenye shughuli vijue kurudi. "Vyombo vyetu vyote vina mafiga haya. Mama kila mwaka analihesabu bakuli hili na halipo. Na wewe umelikalisha kifudifudi, umeliwekea mtambo!"

"Niliambiwa nilitoe kwanza," nikasema. "Niliona ni baya."

Akanitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyekuja na ufunguo, akapiga mlango kwa mawe. "Sikiliza, kaka. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Alikuambia ulitie kitu?"

"Pepeta."

"Basi kesho usipite pwani. Pita uani."

Mlango wa uani

Nililisugua bakuli kwa jivu, nikalijaza pepeta mpaka juu. Simu niliiacha kwa Bwana Seif. Pwani nilisalimia kwa sauti ya chini na kupita kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, na kweli ndicho nilichokuwa. Hakuna aliyegeuza shingo.

Uani palikuwa na jiko, mbuzi ya kukunia nazi, na mwanamke mwembamba sana ameketi mkekani, miguu imenyooshwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunitazama mimi, alitazama mikono yangu. Nikaliweka bakuli mbele yake. Akachota pepeta kwa vidole vitatu, akatafuna. Akapitisha kidole chini ya bakuli, akazigusa alama moja moja.

"Tekla yu hai?"

"Yu hai, mama. Miguu tu inamsumbua."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi. Mimi kila mwaka nasema, yule mtu wa bara kaniibia bakuli. Nilimfungia mkate wa njiani ndani yake. Nikasema siku bakuli likirudi, naye yuko nyuma yake." Kisha akacheka, meno machache. "Wewe juzi ulikuja na kelele, mwanangu. Kisiwa kizima kimejua Zuhura analetewa sabuni. Mimi nina mikono."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Kula."

Tulikula pepeta ya Ifakara kwa dafu. Nikapata ujasiri, nikasema lile nililotumwa. Kwamba Tekla hakuaga kaburini asubuhi ile, na hajalala vizuri tangu hapo. Kwamba anataka kujua kama yupo mtu anayejua mahali.

Bi Zuhura akamwambia Mwanaidi kitu kwa sauti ndogo. Mwanaidi akapanda kigoda, akashusha kutoka juu ya kabati kifurushi cha kanga kilichofifia rangi. Ndani kilikuwa kitabu cha sala, chetu, kile cha zamani chenye jalada jeusi. Katikati umetiwa uzi wa ukili, lile jani la mkindu wanalosukia mikeka.

"Alikisahau. Mimi maandishi yenu siyajui, ila nilijua kimetajwa Mungu ndani, na kitabu cha Mungu hakikai chini. Siku ile ya kuzika alisoma mwenyewe. Alifika hapa, akashindwa. Nikatia ukili." Bi Zuhura akainuka kwa kushika ukuta. "Twende ukamalizie."

Tukatembea hatua chache tu kutoka nyumbani, kando ya shamba, na kabla hatujasimama nikajua tunakokwenda. Ni ule mnazi. Pale nilipotupa kifuu.

"Nilipanda nazi kichwani kwake juma lile Tekla alipoondoka," akasema Bi Zuhura. "Asubuhi ile hakuja, nilikuja mimi. Nikasema mtoto huyu amekula dunia miezi minne, hajampa mtu kitu, na wala hajamnyima. Basi na atoe. Mnazi huu hauuzwi. Mwenye kiu anaangua, awe mvuvi, awe mgeni. Wengine hata hawajui ni wa nani."

"Mimi nilikunywa, mama," nikasema. "Siku ile mliyonifungia mlango."

"Najua. Mwanaidi alikuona." Akatabasamu. "Tulikufungia mlango sisi. Boni hakukufungia."

Nikafungua kitabu penye ukili. Nikasoma kuanzia pale Tekla alipoishia, hadi mwisho. Nilisoma polepole, maana maandishi yamefifia na macho yangu hayakuwa mazuri dakika hiyo. Bi Zuhura na binti yake waliinua mikono, wakasoma ya kwao kimyakimya. Kisha tukapangusa majani makavu yaliyoanguka, ingawa hapakuwa na mengi.

Kuhusu boksi lenu: Bi Zuhura alilipokea jioni ile nilipolifuata Utende, kwa mlango wa nyuma. Jirani alikuwa na hitima juma hilo, sukari ikaenda huko, hakuna aliyetaja imetoka wapi. Karatasi yenye jina la jumuiya aliibandua mwenyewe, akaikunja vizuri. "Hii rudi nayo," akasema. Ninayo, katibu akiitaka.

Siku ya kuondoka nilikuta bakuli limefunikwa kawa, kile kifuniko chao cha ukili wa rangi. "Usifunue njiani," akasema Bi Zuhura. Mwanaidi akanisindikiza hadi pwani. "Mwambie Mama Tekla, safari hii asikae nalo miaka arobaini. Mama hana nafasi hiyo."

Nyumbani

Safari ya kurudi maji yalitungoja sisi. Bakuli lilikaa mapajani mwangu kutoka Kilindoni hadi Ifakara, na sikula ndani yake kitu.

Mama Tekla alikuwa mlangoni, kama aliyekuwa hapo tangu niondoke. "Tumsifu Yesu Kristo," nikasema. Alipokea bakuli, na kabla ya kufunua kawa akapitisha kidole chini yake. Alikuwa akiyajua mafiga yale wakati wote.

"Pameota nini?" akauliza.

"Pameota mnazi, mama."

Nikamweleza yote. Alipofunua, ndani kulikuwa na nazi mbili zilizofuliwa, kavu, nzito. Nilifikiri atazihifadhi, au atapanda moja. Alizishika kwa muda, moja kila mkono, jinsi mtu anavyopima mtoto amekua kiasi gani. Kisha akasema, "Nipe mbuzi."

Alikuna mwenyewe. Akapika wali. Nanyi mliopelekewa sahani ya wali wa nazi Jumanne ile, kwa mlango wa nyuma, bila neno, mkajiuliza kuna nini kwa Mama Tekla, ndicho hicho. Ni Bonifasi aliyewalisha. Mama Tekla ameniruhusu niwaambie. Mengine aliyosema siku ile ni yake.

Kwa hiyo picha hazipo. Nilikuwa na sekunde tisa za mlango unaofungwa, nimezifuta. Padri nimemweleza, akasema mwezi huu tuitazame tena ile filamu ya lango, na safari hii tuvitafute viatu.

Bakuli la Bi Zuhura liko kwa Mama Tekla, limeoshwa, nami nimeshaambiwa nikae tayari. Kwangu ninayo sahani aliyonipakulia wali, ya buluu, ina ufa. Nimeiosha tangu Jumatano. Kila asubuhi naitazama, na bado natafuta cha kutia.